Kaya Iliyonyimwa Moto

Kwenye mikutano ya kijiji chetu, huku upande wa Kimali, wanawake hukaa chini kando ya ghala la zamani la pamba, na wanaume hukaa kwenye magogo upande wa barabara. Nyanjige binti Bundala hukaa kwenye magogo. Hakuna anayemwambia asogee. Mtumishi akihamishiwa kwetu hudhani ni kiburi. Bwana shamba mmoja aliwahi kumwambia, "Mama, wenzako wako kule." Nyanjige alimtazama tu, akaendelea kuchokonoa meno kwa kijiti. Wazee walicheka, lakini kicheko chao hakikuwa kizuri, kwa sababu wengi wao waliwahi kula nyama ya ng'ombe wake, na hakuwa amewaalika kwa furaha.

Alikuwa na miaka kumi na minne ng'ombe huyo alipoliwa. Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba waliingia kwetu kwa mara ya kwanza, na malori yao na mizani yao. Chama cha msingi kikafunga ghala. Baba yake, Bundala, ndiye aliyekuwa mlinzi wa ghala hilo. Akakaa nyumbani mwezi mzima akitazama malori yanavyopita na vumbi, kisha akachukua sururu na blanketi akaenda machimbo ya dhahabu upande wa Kahama. Alisema atarudi kabla ya mvua. Hakurudi kamwe, na hadi leo hakuna anayejua aliishia wapi.

Mama yake, Milembe, alibaki na watoto watatu: Nyanjige mwenyewe, Malimi wa miaka kumi na moja, na Flora ambaye alikuwa bado hajaota meno ya pili. Mwezi wa nane tumbo la Milembe likavimba. Lori la wanunuzi lilikubali kumpeleka hospitali Mwanza, akapandishwa juu ya pamba, amelala ubavu. Kabla lori halijaondoka alimwita Nyanjige asogee karibu na gurudumu.

"Baba yenu mkubwa asijue kwamba mko peke yenu," alisema. "Unanisikia? Luhende akijua, mmekwisha."

Nyanjige hakuhitaji maelezo. Luhende, kaka mkubwa wa Bundala, alikaa Kiloleli, karibu na ziwa. Mdogo wao wa mwisho alipofariki, Luhende alikuja na fimbo na maneno mazuri, akasema watoto wa marehemu ni wanawe. Mmoja akapelekwa kuchunga kwa watu asiowajua. Mwingine akaozwa kabla hajamaliza shule. Wa tatu hatukusikia tena habari zake. Ng'ombe wa marehemu wote waliingia zizi la Luhende. Kaya ile leo ni shamba la mtama, usingejua kama watu walikaa pale.

Kwa hiyo Nyanjige alikuwa na kazi moja: wabaki watatu, pale pale, na ng'ombe wao wachache, mpaka mama arudi. Ng'ombe wenyewe walikuwa maksai wawili wa plau, mtamba mmoja, na ng'ombe mweupe mwenye ndama, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa chakula cha Flora.

Kwetu, kaya yenye mwanaume utaijua jioni. Nje, katikati ya nyumba na zizi, kuna mahali pa moto panapoitwa shikome. Mwenye kaya anakaa hapo na wanawe na wageni wake wa kiume. Wanawake wana moto wao jikoni. Ukipita ukaona shikome haina moto, unajua baba hayupo. Nyanjige aliliwaza hilo siku ya kwanza tu baada ya lori kuondoka. Jua lilipokaribia kuzama, akamwambia Malimi alete gogo, akawasha moto kwenye shikome.

"Mwanamke hawashi shikome," Malimi alisema.

"Basi washa wewe."

"Nikiulizwa?"

"Baba karudi. Kachoka, kalala."

Watu waliona moto wakauliza, na watoto wakajibu hivyo. Malimi alijua kuigiza kikohozi cha baba yake, kile kikavu cha mtu wa tumbaku, na mtu akipita jioni alikuwa akikohoa kutoka ndani ya nyumba. Mchana hakuna aliyeshangaa kutomwona Bundala. Wachimbaji wakirudi hujificha, maana kila jirani ana shida yake ya kueleza. Lakini pole pole maneno yakaanza. Bundala kapata dhahabu. Bundala hataki kusalimia watu. Bundala anakohoa tu ndani kama chifu.

Jirani yao wa karibu alikuwa Masele, mtemi wa sungusungu, yaani mkuu wa ulinzi wa jadi wa kijiji. Uzio wa minyaa tu ndio uliowatenganisha. Masele alisema mbele ya watu kisimani, "Mwacheni na dhahabu yake. Tutaonana naye kwenye mwano."

Mwano ni yowe la hatari. Likipigwa, kila kaya inatoa mwanaume wake na upinde wake, awe anakula, awe anaumwa. Hiyo ndiyo sheria ya sungusungu, na katika miaka ile ya wizi wa mifugo watu waliishika kuliko sheria ya serikali.

Mwezi wa kumi, alfajiri, mwano ulipigwa. Ng'ombe wa kaya moja ya mtoni walikuwa wameswagwa kuelekea pori la akiba. Filimbi zikalia kila upande. Nyanjige aliamka akasikia miguu ya wanaume ikipita nje ya uzio, na sauti ya Masele ikiita, "Bundala! Toka, Bundala!" Malimi alikuwa ameshashika upinde wa baba yake, unaomzidi urefu.

"Niache niende."

"Ukaonekane wewe badala ya baba? Kaa chini."

Alifunga mlango kwa gogo, akakaa mbele yake na Flora mapajani, mpaka kelele zikaisha.

Wanaume walirudi jua limepanda. Ng'ombe walipatikana, lakini Marcelo, mdogo wake Masele, alirudi amebebwa kitandani, mshale umemwingia pajani. Mguu ule haukunyooka tena. Masele hakwenda kwake kwanza. Alikuja moja kwa moja kwa Bundala na wenzake, jasho na damu ya mdogo wake vikiwa bado kwenye shati.

"Bundala yuko wapi?"

"Hayupo, baba."

"Jana moto wake uliwaka. Nimeuona kwa macho yangu. Nimemsikia anakohoa."

Hapo Nyanjige angeweza kusema ukweli, na yote yangeisha. Lakini ukweli ungepanda basi ufike Kiloleli. Akasema neno lililokuja haraka.

"Ametoka alfajiri kwenda Malampaka. Kuwahi treni."

"Alfajiri," Masele alisema. "Alfajiri ya leo?"

Wanaume wakatazamana. Nyanjige aliona jinsi walivyotazamana akajua amekosea, ila neno lilikuwa limeshatoka. Mwanaume anaondoka alfajiri ileile wezi wanaingia, tena bila kuaga.

Masele alichomeka mshale ardhini mbele ya mlango. "Kuanzia sasa kaya hii haisalimiwi," alisema, tena kwa sauti ya kusikika njiani. "Haipewi moto. Haipewi chumvi, haichotewi maji, mashine haiisagii, duka haliiuzii. Ikipiga mwano hakuna wa kutoka. Atakayevunja neno hili atatoa ng'ombe. Mpaka Bundala aje mwenyewe mbele ya baraza."

Kijiji chetu kilikuwa na kaya nyingi, na njia kuu ilipita karibu na mlango wao. Lakini kuanzia siku ile wale watoto walikuwa kama wametupwa mahali pasipo na mtu. Ingekuwa afadhali pori, kwa kuwa porini angalau hakuna anayekuona akageuza uso.

Wakati wa kiangazi maji yetu yanafukuliwa kwenye mchanga wa mto. Kila kundi la kaya lina kisima chake. Nyanjige alipofika na ndoo, wanawake walikaa kimya mpaka alipoinama, kisha mmoja akasukuma mchanga kwa mguu ukaingia kisimani. Hakuna aliyesema naye. Walisemezana wao.

"Mwenye dhahabu si amchimbie bintiye bomba?"

"Labda hunywa dhahabu yenyewe."

Akaenda mbali, kwenye kona ya mto ambako ng'ombe wa watu hunywa, akachimba kwa mikono na kibuyu. Maji yalitoka machache na yananuka. Asubuhi alikuta fisi wamekunywa yote, akachimba tena.

Shule waliacha. Mwalimu hakuwafukuza, yeye alikuwa mtu wa serikali. Watoto wenzao ndio waliohama dawati.

Flora ndiye hakuelewa. Alikuwa mtoto wa kusalimia. Kila mtu aliyepita alimkimbilia uzioni, "Mwangaluka! Mwangaluka, mama!" Specioza, mke wa Masele, ambaye mwezi mmoja nyuma alikuwa akimbeba mgongoni, alipita akitazama miguu yake mwenyewe. Flora akadhani hajasikika, akapiga kelele zaidi. Baada ya siku kadhaa akaacha. Akawa anasalimia ng'ombe, asubuhi na jioni, mmoja mmoja.

Unga uliisha. Wakawa wanasaga mtama kwa jiwe la bibi yao, kisha mtama nao ukapungua. Walikula michembe, viazi vile vilivyokatwa na kukaushwa, na mlenda usio na chumvi. Malimi alichunga ng'ombe mbali na wachungaji wengine, ambao walimtupia mawe akisogea. Huko peke yake akajifunza kulenga. Siku moja alirudi na kanga wawili begani, na tangu siku hiyo hakuwa Malimi yule.

Alikaa kwenye kigoda cha baba yake kando ya shikome.

"Niletewe maji ya kunawa," alisema.

"Nawa mate," Nyanjige akamjibu.

"Mimi ndiye mwanaume hapa. Nani amewaletea nyama? Wewe unakaa na jiwe lako tu. Hii kaya imefungwa kwa uongo wako."

"Uongo tulisema wote. Nani alikuwa anakohoa?"

"Nyamaza. Anayetaka nyama aniite baba."

Nyanjige alicheka, lakini Malimi hakucheka. Aliichoma ile nyama mwenyewe, akaikata, akaiweka mbele yake. Flora alimtazama dada yake, akaitazama nyama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba." Malimi akampa paja. Nyanjige alikula michembe.

Ikawa hivyo karibu kila siku. Malimi alitaka kula kwanza. Alitaka kitanda cha baba. Alisema atakwenda kwa sungusungu aseme kweli, akiambiwa aende anasema atakwenda akitaka. Wakati mwingine alimpiga Flora kwa fimbo ya kuchungia, na Nyanjige akaipokonya, akaivunja, na kesho yake kulikuwa na fimbo nyingine.

Jambo moja tu ndilo waliloshirikiana, moto. Kibiriti kiliisha mapema, na dukani hawakuuziwa. Kwetu moto ukizimika unachukua kigae unakwenda kwa jirani kuomba kaa. Wao hawakuwa na jirani. Kwa hiyo gogo la shikome halikuruhusiwa kuzimika. Nyanjige alilitunza mchana, Malimi jioni hadi asubuhi, na mvua ikitishia ilibidi kaa liingizwe ndani ya chungu kilichopasuka na kufunikwa.

Mvua ya kwanza ilikuja siku ambayo Malimi alikuwa amekasirika. Walikuwa wamegombana kuhusu maziwa. Aliona wingu, akalala kwa makusudi, akidhani dada yake ataamka. Nyanjige naye alidhani Malimi ataamka. Asubuhi shikome ilikuwa dimbwi jeusi.

Nyanjige alimpiga kwa mchi. Malimi akampiga kwa jiwe la mafiga, na alama ile Nyanjige anayo mpaka leo juu ya jicho la kushoto. Flora alikaa katikati ya matope akilia bila sauti.

Waliloweka michembe kwenye maji baridi wakala hivyo hivyo. Maji ya ile kona ya mto hawakuweza tena kuyachemsha. Haikuchukua muda Flora akaanza kuharisha, kwanza maji, kisha damu. Alikuwa anakunywa maziwa ya yule ng'ombe mweupe tu, nayo yalipita tu tumboni. Nyanjige alisimama uzioni akamwita Specioza.

"Mama. Flora anaumwa. Kaa moja tu, mama, nichemshe maji."

Specioza alikuwa anaanika nguo. Alisimama na nguo mkononi. Kisha akaianika, akaingia ndani.

Asubuhi iliyofuata Malimi aliamka mapema. Alichukua kigae, akasubiri Specioza aende zizini kukamua, akapenya kwenye minyaa hadi jikoni kwake. Alikuwa ameshaweka makaa mawili kwenye kigae aliposhikwa sikio na Specioza aliyerudi.

"Mwizi! Mwizi jikoni!"

Masele alikuja na fimbo. Marcelo alitoka akichechemea, akamchapa kwa gongo la kutembelea. Makaa yalimwangukia Malimi mguuni, wakaendelea kumchapa.

"Kamwite baba yako!" Masele alisema. "Mwambie aache kutuma watoto. Aje yeye!"

"Hayupo!"

"Yuko wapi?"

"Hajarudi! Hajawahi kurudi! Alikuwa ni mimi!"

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye nilikuwa nakohoa!"

Fimbo ikasimama. Masele akaishusha.

"Kohoa," alisema.

Malimi akakohoa, huku machozi yakimtoka, kile kikohozi kikavu cha tumbaku. Specioza akaziba mdomo kwa khanga. Ndiye aliyechota makaa kwa mikono yake, akayapitisha juu ya uzio, kisha akakaa chini pale pale kwenye matope.

Ungedhani mambo yaliisha hapo. Masele alituma salamu Kiloleli kwa dereva wa basi, na Luhende akaja haraka, na kamba mpya na tabasamu.

"Wanangu! Mbona hamkuniambia? Nilijua baba yenu yupo, watu wanasema kapata dhahabu." Alisema hayo akiwa ameegemea zizi, akiwatazama ng'ombe. Alimaliza kuwatazama ng'ombe ndipo akageuka kwa Flora, aliyelala kwenye ngozi. "Huyu mbona kakonda? Atakaa kwa binti yangu mkubwa. Malimi utachunga kwangu. Na wewe, Nyanjige, kuna watu wema Magu wameshaniuliza."

"Mama atarudi," Nyanjige alisema.

"Milembe? Hamkuambiwa?" Luhende akatema mate pembeni. "Alifariki mwezi wa tisa. Alizikwa Mwanza. Hukohuko."

Aliyasema kama mtu anayesema mvua imechelewa. Malimi akaketi chini. Nyanjige hakuketi. Alitazama ile kamba mpya mkononi mwa baba yake mkubwa, na machozi yake aliyaahirisha.

Baraza lilikaa kando ya ghala. Wanaume walikuja na pinde zao. Masele alitaka liishe upesi, kwa sababu jambo lilikuwa linamwaibisha.

"Tuliifungia kaya hii kwa kosa la mwanaume," alisema. "Mwanaume hakuwepo. Watoto hawana kosa. Tunaifungua. Watoto na ng'ombe waende na baba yao mkubwa. Tumemaliza."

"Umesema vyema, mtemi," Luhende akasema.

"Baba Masele, nina neno," Nyanjige alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya wanawake.

"Sema haraka."

"Mwano ulipopigwa niliusikia. Nikafunga mlango. Shikome niliiwasha mimi. Uongo nilisema mimi. Msiseme hakuna kosa. Lipo, na ni langu. Nitozeni faini."

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu njaa imempanda kichwani."

Athanasi, katibu wa sungusungu, mtu mpole aliyekuwa pia katekista, akamwambia kwa upole, "Binti, mtoto hatozwi. Anayetozwa ni mwenye kaya."

"Basi mlimfungia nani?"

"Tulifungia kaya."

"Ya nani? Baba hayupo tangu kiangazi. Mama kafa. Kama kaya ile ina mwenyewe, ni mimi, na nina kosa, nitoe ng'ombe. Kama haina mwenyewe, basi mlifungia watoto bure. Mdogo wangu anaharisha damu kwa ajili ya maji ambayo hamkumpa moto wa kuyachemsha." Akamgeukia Athanasi. "Baba katibu, anayeifungia kaya isiyo na kosa, sheria yenu inasema anatoa nini?"

Athanasi alitazama chini.

"Sema, katibu," mtu wa nyuma akaita.

"Ng'ombe wawili," Athanasi alisema. "Anatoa yule aliyetamka."

Wote wakamgeukia Masele. Kisha Marcelo akainuka kwa gongo lake.

"Mnasema hakuna kosa?" alipiga kelele. "Na mguu huu? Nilichomwa kwa ajili ya ng'ombe wa watu, wengine wamefunga milango, leo hakuna kosa? Mtu atozwe hapa! Msipomtoza huyo, mnitafutie mwingine!"

Masele alimtazama Nyanjige kwa chuki ya wazi. Haikuwa huruma hata kidogo. Alikuwa anahesabu zizi lake.

"Unataka kuwa mwenye kaya," alisema.

"Ndiye mimi."

"Mwenye kaya hapangi mstari na wanawake. Mwano ukipigwa anatoka. Zamu ya kulinda ikifika analinda, kwenye mvua. Michango analipa kama mwanaume. Usije kulia hapa."

"Sitakuja kulia."

"Faini ni ng'ombe mmoja. Tunachagua sisi."

"Chagueni."

"Jamani, hao ni ng'ombe wa ndugu yangu," Luhende alisema.

"Subiri, mzee," Athanasi akamwambia. "Jambo moja moja."

Luhende akasubiri. Nadhani alipiga hesabu kwamba anayeondoka ni mmoja tu, na wanaobaki watamfuata.

Nyanjige alikuwa akitumaini watachukua mtamba. Vijana waliotumwa walirudi wakimvuta yule mweupe, na ndama akimkimbilia nyuma. Malimi akapiga kelele, "Siyo huyo! Chukueni maksai! Flora anakunywa kwa huyo!" Marcelo akamjibu, "Huyu ndiye aliyenona."

Kwa desturi, ng'ombe wa faini analiwa nyumbani kwa aliyetozwa, naye ndiye anayeleta kuni na maji. Siku ile moto ulirudi kwenye shikome ya Bundala, ukaletwa kutoka kwa Masele kwenye kigae, ukawa mkubwa kuliko wakati wowote. Wanaume walikaa kuuzunguka, wale wale waliokuwa wakigeuza nyuso, wakala. Nyanjige alipita kati yao na birika la kunawia. Walinyoosha mikono bila kumtazama. Mmoja alimwambia, "Mwenye kaya, chumvi kidogo," na wengine wakacheka, kwa kuwa walijua hakuna chumvi.

Luhende naye alikula, na alikula vizuri. Alipomaliza alijifuta kwa majani, akachukua kamba yake.

"Haya, wanangu. Tufungue zizi tuondoke, jua bado lipo."

"Muondoke na nani?" Masele aliuliza. Alikuwa anaguguna mfupa.

"Na watoto. Na ng'ombe waliobaki."

"Umekula nini hapo?"

"Nyama."

"Nyama ya nini?"

"Si ya faini?"

"Faini ya kaya ya nani?"

Watu wakaacha kutafuna.

"Sikiliza, mzee wa Kiloleli," Masele alisema. "Ukisema kaya hii haina mwenyewe, basi mimi nimekula ng'ombe wa yatima, tena baada ya kuwafungia bure, na nitatakiwa nitoe wawili. Unataka nitoe wawili? Maana hata mdomo wako una mafuta yake. Tutagawana."

"Huyu ni mtoto wa kike! Nitawashitaki serikalini!"

"Nenda. Ofisi ya kata iko njia ile ile uliyokuja nayo."

Luhende alimtazama Athanasi, akamtazama kila mtu. Hakuna aliyempenda Nyanjige pale, lakini hakuna aliyetaka kutapika ng'ombe. Mwishowe alikata ubavu mmoja uliobaki, akaufunga kwa ile kamba mpya.

"Mtanililia," alimwambia Nyanjige. "Mtakuja Kiloleli kwa magoti."

"Safari njema, baba mkubwa."

Wanaume waliondoka mmoja mmoja wakipangusa visu. Hakuna aliyeshukuru wala kuaga. Masele ndiye aliyekuwa wa mwisho, naye alisimama tu kumwambia Nyanjige kwamba zamu yake ya kulinda ni Jumanne, na asipotokea atatozwa tena.

Mbwa waligombania mifupa. Zizini ndama alikuwa akilia, hakunyamaza. Jua lilipoinama Flora aliinuka kutoka kwenye ngozi yake, akachukua kibuyu chake kidogo kama kila jioni, akaenda kusimama kwenye lango la zizi. Alikaa hapo kwa muda, akiangalia ndani, akirudia salamu kwa wale waliokuwepo.

Nyanjige alimfuata akamchukua mkono. Alimkalisha kando ya shikome, kati yake na Malimi, akachota mchuzi kutoka kwenye sufuria, akaupuliza, akamjazia kibuyu. Flora alinusa akageuza uso.

"Nataka maziwa."

"Kunywa," Malimi alimwambia.

"Huu mchuzi ni wa nani?"

Nyanjige aliushika ule mkono mdogo wenye kibuyu, akauinua hadi mdomoni, na Flora akanywa.